Kikundi cha walimu wa hisabati wa kata: namna ya kukianzisha na kukifanya kidumu

Kati ya shule yetu ya sekondari na shule ya msingi ya jirani kuna uwanja wa mpira na shamba la mahindi, basi. Kwa miaka kadhaa nilipokea Kidato cha Kwanza watoto waliotoka pale, na sikuwahi kukaa hata dakika kumi na mwalimu aliyewafundisha hesabu Darasa la Saba. Tulisalimiana misibani na gulioni. Yeye alijua kilichowashinda wale watoto. Mimi nilikuwa nakuja kukigundua mwezi wa nne, muhula ukiwa umeshakwenda.

Mwalimu wa hisabati ni mpweke kuliko wenzake wengi ofisini. Shule nyingi za kata wako wawili, pengine mmoja, na huyo mmoja amebeba vidato vyote. Akikwama kwenye mada hana wa kumuuliza mezani, na akipata njia nzuri ya kufundisha, njia hiyo inahama naye siku anapohamishwa. Huku tukiwa hivyo, hapa Tanzania matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022 yalionyesha waliofaulu Hisabati ni kama 20 katika kila watahiniwa 100, na mwaka 2023 kama 25. Sababu ziko nyingi: madarasa yaliyofurika, vitabu vichache, lugha inayobadilika ghafla mtoto akiingia sekondari. Kuwaunganisha walimu hakuziondoi zote. Lakini lipo jambo moja tunaloweza kulifanya wenyewe bila kungoja bajeti ya mtu, nalo ni kuweka kosa moja la mtoto juu ya meza, tukalichambua pamoja mpaka tujue limetoka wapi. Mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Anza na watatu, na uanzie kwenye kata

Mara ya kwanza nilikosea. Tulialika walimu zaidi ya thelathini, tukapanga viti ukumbini, mgeni akatoa hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa hisabati, tukala wali, tukaagana. Hakuna aliyerudi darasani na kitu kipya. Mara ya pili tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa shuleni kwangu, na yule mwalimu wa ng'ambo ya shamba la mahindi. Kikundi hicho cha pili ndicho kilichoishi.

Kata ni kipimo kizuri kwa sababu watoto wenyewe wanafuata njia hiyo. Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000 hupokea sehemu kubwa ya wanafunzi wao kutoka shule za msingi zinazozizunguka. Kwa hiyo ukiwaweka pamoja mwalimu wa Darasa la Tatu, wa Darasa la Saba na wa Kidato cha Kwanza, umewaweka pamoja watu wanaofundisha mtoto yuleyule kwa miaka tofauti. Usikubali kikundi kiwe cha sekondari peke yake. Kosa utakaloliona Kidato cha Pili mara nyingi mizizi yake iko Darasa la Nne, na anayeujua mzizi huo ni mwalimu wa msingi.

Kumpata mtu wa kwanza, nenda kwa miguu. Barua ya mwaliko kutoka kwa mwalimu asiyefahamika inawekwa droo. Nenda saa ya chai, salimia ofisi nzima, shikamoo kwa wanaostahili, jitambulishe, kisha uombe kuonana na mwalimu wa hesabu. Usimwambie unataka kuboresha ufundishaji wake. Mwambie ukweli: "Mwalimu, nina watoto wako kule kwangu, hesabu za sehemu zinawasumbua. Naomba unisaidie kuelewa wamezoea kuzifanyaje." Hakuna mwalimu aliyewahi kunikatalia ombi hilo.

Ruhusa

Kabla ya kikao cha kwanza pita kwa wakuu. Kwa sekondari ni mkuu wa shule, kwa msingi ni mwalimu mkuu, na wote wawili watataka kujua kama Afisa Elimu Kata ana habari. Mpe habari. Si lazima ubuni utaratibu mpya, kwa kuwa mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, umeshaweka jumuiya za ujifunzaji, JzU, ambamo walimu hukutana na kujifunza wao kwa wao. Andika ombi lako ndani ya mfumo huo. Mkuu wa shule anaelewa JzU, na anajua pa kuiweka kwenye taarifa yake. Kikundi kisicho na jina kinamtia wasiwasi.

Ombi liwe nusu ukurasa: nani watakutana, wapi, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba hakuna kipindi kitakachoachwa. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo itakayosomwa mara mbili.

Siku, saa na chai

Kila baada ya wiki mbili, siku ileile, saa ileile. Sisi tulichagua Alhamisi saa nane na nusu mchana hadi saa kumi. Ijumaa watu wanawahi msikitini au safari za nyumbani, Jumatatu kila mtu ana zamu na vikao. Kila wiki ni nyingi mno kwa mwalimu mwenye vipindi ishirini na tano. Ukifanya mara moja kwa mwezi, wenzako mnasahauliana.

Zungusheni shule, ili nauli ya bodaboda isimwelemee mtu mmoja na kila mwalimu aone ubao na madawati ya mwenzake. Kuona darasa la watoto tisini waliobanana kunamnyamazisha yule wa sekondari anayelalamika kwamba "msingi hawafundishi". Na msikutane wakati wa mitihani ya taifa. Septemba watu wa Darasa la Saba hawapumui, Oktoba na Novemba ni zamu ya Darasa la Nne, Kidato cha Pili na cha Nne. Lazimisha kikao miezi hiyo, utabaki na mwenzako mmoja.

Kuhusu posho, lisemeni mapema: haipo. Shule mwenyeji inachemsha chai, kila mmoja anachanga elfu moja ya mihogo au maandazi. Vikundi vinavyoanza na posho hufa siku posho inapokatika. Nimeviona.

Kikao cha kwanza: leta madaftari

Hapa nitakaa kidogo, maana kikao cha kwanza kikiharibika ni kazi kuwarudisha watu.

Kila mwalimu aje na madaftari matano ya wanafunzi wake, yaliyosahihishwa au la. Funika majina kwa kipande cha karatasi. Pasiwe na hotuba, agenda ya kurasa mbili wala kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Uongozi utajitokeza wenyewe. Chagueni swali moja ambalo watoto wengi wamelikosa, liandikwe ubaoni pamoja na majibu yote ya watoto, sahihi na yasiyo sahihi. Kisha ulizeni maswali matatu tu: Mtoto alikuwa anafikiri nini alipoandika hivi? Alijifunza wapi kufikiri hivyo? Ningemuuliza nini ili aone mwenyewe?

Nitoe mfano tulioupata katika kikao chetu cha pili. Swali lilitoka Darasa la Tano: 10 − 3 + 2. Katika madaftari ishirini yaliyokuwa mezani, zaidi ya nusu yaliandika 5. Tukauliza lile swali la kwanza, mtoto alifikiri nini? Mwalimu mmoja kijana, mwenye bidii kweli, akasema kwa uhakika: "Lakini 5 ndiyo jibu. MAGAZIJUTO. Jumlisha inatangulia Toa. Tatu jumlisha mbili ni tano, kumi toa tano ni tano."

Pakawa kimya. Nakumbuka mtu akachukua kikombe chake akakiweka tena bila kunywa. Wengine wawili walikuwa wanakubaliana naye kwa macho.

Mama mmoja wa Darasa la Nne, mwalimu wa siku nyingi, hakusema amekosea. Akamwuliza: "Mwanangu, una elfu kumi mfukoni. Umenunua sukari na majani ya elfu tatu. Njiani ukakutana na mtu unayemdai, akakulipa elfu mbili. Unafika nyumbani na shilingi ngapi?" Kijana akajibu papo hapo, elfu tisa. Kisha akautazama ubao kwa muda mrefu.

Nusu saa iliyofuata ilikuwa darasa bora kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Tulielewana kwamba silabi za MAGAZIJUTO zina ngazi tatu wala si tano: mabano kwanza, kisha gawanya na zidisha ambazo ni ndugu wa daraja moja, kisha jumlisha na toa ambazo nazo ni ndugu. Ndugu wakikutana, unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Halafu mwenzetu mmoja akagundua jambo lililotufungua macho. Kwenye gawanya na zidisha, mtoto anayetanguliza gawanya kila mara bado anapata jibu sahihi. Jaribu 24 ÷ 4 × 2, au 12 × 6 ÷ 3. Jibu halisogei. Kwa hiyo mwalimu anaweza kufundisha neno hilo kama mstari wa silabi tano kwa miaka kumi, na kosa lisijitokeze mpaka toa itangulie jumlisha. Sasa tunajua wapi pa kulitafuta.

Jambo hili halikuwa kosa la mtoto. Lilikuwa letu, na tulilirithi kwa walimu wetu. Lisingetoka hadharani kwenye ukumbi wenye mgeni rasmi. Lilitoka kwa sababu tulikuwa saba, tumekaa kwenye madawati ya watoto, tunakunywa chai.

Masharti ya mezani

Kwa hiyo kuna masharti, na myaseme kwa sauti siku ya kwanza. Hakuna anayechekwa. Hakuna jina la mwalimu wala la shule linalotajwa nje kwa kosa lililoonekana ndani. Taarifa inayokwenda kwa mkuu wa shule iandike mada iliyojadiliwa na kilichokubaliwa, isiandike nani alijua na nani hakujua. Kwa vikao vitatu au vinne vya mwanzo, waombeni wakuu kwa heshima wasihudhurie. Mwambieni pia mdhibiti ubora wa shule, akipita, kwamba hapa si ukaguzi.

Mpeni nafasi ya pekee mwalimu aliyepewa hisabati bila kuisomea. Wapo wengi: mtu wa Jiografia aliyekabidhiwa vipindi kwa kuwa hakukuwa na mwingine, au mwalimu wa kujitolea aliyemaliza Kidato cha Sita juzi. Huyu anaogopa kuliko wote na ndiye anayehitaji kikundi kuliko wote. Msimwanzishe kwa kumwuliza. Mpangieni mtu mmoja wa kukaa naye dakika ishirini kabla ya kikao, wapitie mada ya wiki ijayo hesabu kwa hesabu, wazifanye zote kwa kalamu. Mwalimu aliyelifanya zoezi lote mwenyewe kabla ya kuingia darasani ana uso tofauti mbele ya ubao, na watoto wanauona uso huo.

Somo la pamoja

Baada ya vikao vinne au vitano vya madaftari, ingieni darasani. Hii ndiyo hatua ngumu na ndiyo yenye faida kubwa. Japani walimu wamekuwa wakifanya hivi tangu karne ya 19: wanapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama, kisha wanalichambua na kulitengeneza upya. Kenya nayo ilianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mradi wa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi, ambao mwendo wake ulikuwa na maneno manne: panga, tenda, tazama, boresha. Kituo cha mafunzo ya walimu cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza kazi hiyo. Sisi hatuhitaji kituo. Tunahitaji darasa moja na ruhusa.

Panga. Chagueni mada ndogo sana. "Sehemu" ni kubwa mno. "Kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti", yaani namba za chini zisizofanana, inatosha. Andikeni andalio la somo pamoja, na zaidi ya andalio la kawaida, ongezeni safu moja: majibu mnayotarajia watoto watoe, pamoja na yale ya makosa. Kwa 1/2 + 1/3 kila mtu mezani alijua jibu litakalojitokeza ni 2/5, mtoto amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Tukapanga swali la kufungulia: kabla hujakokotoa, jibu litakuwa kubwa kuliko nusu au dogo kuliko nusu? Mtoto akishasema kubwa, kwa kuwa nusu ipo na imeongezewa, 2/5 itamsuta mwenyewe, maana haifiki nusu.

Tenda. Mmoja anafundisha. Wengine wanakaa pembeni, kila mmoja na watoto watatu au wanne wa kuwaangalia. Hawasaidii wala kusahihisha, na hawamtazami mwalimu. Hilo la mwisho lirudieni, kwa sababu mazoea yetu ya kukaguliwa yanatufanya tumtazame aliyesimama. Mtazamaji anatazama mikono ya watoto: kalamu imesimama wapi, nani amenakili kwa jirani, nani amefuta mara tatu.

Tazama. Katika somo letu la sehemu tulipanga watoto wakunje vipande vya karatasi, kimoja sehemu mbili sawa, kingine sehemu tatu sawa, wavilinganishe. Kwa mwalimu aliyesimama mbele somo lilikwenda vizuri, kelele za furaha, mikono juu. Lakini mtazamaji aliyekaa nyuma aliandika kwamba watoto wake wanne walitumia dakika kumi na tano kuhangaika kukunja karatasi sehemu tatu sawasawa. Kukunja sehemu mbili ni rahisi, sehemu tatu ni kazi ya fundi. Msichana mmoja alipata theluthi tatu zisizolingana, akazitazama, akaziweka chini ya dawati. Kwake somo liliishia hapo, na hakuna aliyejua isipokuwa mtu aliyekuwa ametumwa kumtazama yeye.

Boresha. Siku ileile, kabla ya kuagana, tulibadilisha kitu kimoja. Badala ya kukunja, watoto wakate ukanda wa miraba sita kutoka kwenye daftari la hesabu la miraba. Nusu ya ukanda ni miraba mitatu, theluthi ni miraba miwili, jumla mitano kati ya sita. Hakuna ufundi wa mkono unaohitajika, na ile sita ya kigawe kidogo cha shirika (KDS) inakuja yenyewe kabla ya mwalimu kuitaja. Wiki iliyofuata mwenzetu wa shule nyingine alifundisha somo hilo lililotengenezwa upya. Watoto wake wakaanza kuuliza wenyewe ukanda uwe na miraba mingapi kwa 1/4 + 1/3. Swali hilo ndilo KDS yenyewe.

Mazungumzo ya baada ya somo yaanze na aliyefundisha, aseme yeye kwanza aliona nini. Kisha watazamaji wasome walichoandika, wakianza na maneno "niliona mtoto akifanya…". Sentensi inayoanza na "mwalimu ungefanya…" isubiri mpaka mwisho, na mara nyingi mtaona haihitajiki tena.

Mizunguko miwili ya somo la pamoja kwa muhula inatosha. Msijipe zaidi.

Daraja la Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza

Hapa ndipo kikundi chenye walimu wa msingi na sekondari kinapolipa. Katika shule nyingi za serikali, mtoto amejifunza hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Anajua namba shufwa, witiri na tasa. Anajua kiasi na asili, mzingo na eneo. Januari anaingia darasa lingine na kila kitu kimebadilishwa jina. Mtoto aliyekuwa hodari wa KDS anakutana na LCM na anadhani ni mada mpya ambayo hajawahi kuiona. MAGAZIJUTO imekuwa BODMAS. Swali linamwambia "evaluate", naye hajui kama anaambiwa ajumlishe, achore au aeleze.

Kazi ya kikundi hapa ni ya mikono na inamalizika kwa vikao viwili. Mwalimu wa msingi anataja maneno anayotumia, wa sekondari anataja yake, mnayapanga jozi kwa jozi kwenye karatasi ya manila. Msichukue maneno mia tatu. Chukueni yale yanayojitokeza kwenye maswali: jumla, tofauti, zao, rahisisha, tafuta thamani, kigawo, kizidishe, mlinganyo. Wekeni kila jozi pamoja na hesabu moja fupi, maana neno bila hesabu halishiki. Bandikeni nakala katika kila chumba cha Kidato cha Kwanza, na nyingine Darasa la Saba muhula wa mwisho.

Tahadhari moja iliyotoka kwa mwalimu wa msingi nami nisingeijua: maneno kama "tofauti" na "zao" yana maana nyingine mtaani. Zao ni la shamba, na tofauti ni ugomvi kati ya watu. Hata kwa Kiswahili kuna mtoto aliyekuwa akilikosa swali kwa sababu ya neno. Muulizeni kwanza kwa lugha anayoijua kama anaelewa, ndipo mumvushe.

Kundi la WhatsApp

Litafunguliwa tu, kwa hiyo liwekeeni taratibu. Picha moja ya kosa la mtoto au ya ubao kila Jumatatu, jina limefunikwa, na majibu mpaka Jumatano. Salamu za asubuhi, kadi za sikukuu na habari za siasa zipelekwe kwenye makundi mengine. Bando ni ghali, na mwalimu aliyefungua ujumbe mia mbili wa "ubarikiwe" hatafungua ule wa hesabu. Video ndefu ziachwe. Na mkumbuke wenzenu wenye vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp: mtu mmoja wa jirani ajitwike kazi ya kuwasomea au kuwachorea swali la wiki.

Kundi la simu haliwezi kuchukua nafasi ya kikao. Watu hawakiri kutojua mbele ya namba arobaini.

Sanduku la zana

Tafuteni sanduku moja la mbao au ndoo kubwa yenye mfuniko, izunguke shule kwa shule pamoja na kikao. Vizibo vya soda vya rangi mbili kwa ajili ya namba chanya na hasi, kokoto, vijiti vilivyofungwa kumi kumi, kamba yenye mafundo kumi na matatu, nafasi zote sawa, kwa ajili ya pembetatu ya 3, 4, 5, mizani ya mbao ya milinganyo, maboksi matupu ya dawa ya meno na ya viberiti kwa ajili ya eneo na ujazo. Kila kilichomo kiwe na karatasi inayosema kimetumika kwenye somo gani na kilikwama wapi. Karatasi hizo baada ya mwaka zina thamani kuliko vizibo.

Mlango wa nje

Kikundi kikishakuwa na mwendo wake, kifungulieni mlango. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kipo tangu 1966 na kinawapokea walimu wa ngazi zote. Kuwa na wanachama wawili watatu kutoka kata yenu kunatosha kuleta habari na kupeleka mlichogundua. Tarehe 14 Machi UNESCO ilishaitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, na ni siku nzuri kwa shule zenu kufanya jambo pamoja. Sisi tuliwapa watoto kamba na sufuria, ndoo, sinia na magurudumu ya baiskeli, wapime mzingo na kipenyo, wagawanye, waandike jibu ubaoni. Kuona tatu na kitu ikijirudia kutoka sinia mpaka gurudumu, kwa mikono yao, mtoto wa Darasa la Sita na wa Kidato cha Pili wamesimama ubao mmoja, kulinifurahisha kuliko sherehe yoyote ya shule niliyowahi kuiona.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Yule mwenye simu nzuri avipakue mara moja, awagawie wenzake bila kutumia bando tena. Kama kuna kituo cha walimu karibu nanyi, kiulizeni kina nini, mara nyingine kuna chumba na umeme visivyotumika.

Kupima bila kungoja Baraza la Mitihani

Matokeo ya taifa yanachelewa na yana mambo mengi ndani yake. Pimeni kwa swali lilelile. Februari wapeni watoto maswali matano yaliyotokana na makosa mliyoyaona mezani, msiyasahihishe mbele yao, hifadhini karatasi. Juni wapeni yaleyale. Hesabuni, kosa kwa kosa, ni wangapi walioandika 2/5 mwanzoni na wangapi bado wanaiandika. Kosa lililopungua, andikeni mlifanya nini. Ambalo halikupungua lirudi mezani muhula unaofuata, bila kumtafuta wa kulaumu. Sisi namba hasi zilirudi mezani mara tatu, na mara ya tatu ndipo mtu alipogundua kwamba watoto walikuwa wakisoma alama ya kutoa na alama ya hasi kama kitu kimoja, tukaanza kuwasomesha kwa sauti: "tano toa hasi tatu".

Daftari la kikundi

Mwisho, nunueni kaunta buku moja. Kila kikao ukurasa mmoja: tarehe, waliokuwepo, kosa lililojadiliwa, jibu lililokubaliwa, somo litakalofundishwa na nani. Aandike mtu tofauti kila mara, ili mwandiko wa kila mmoja uwemo. Uhamisho utakuja. Kati yetu saba wa mwaka wa kwanza, wawili wameshahamishwa na mmoja amestaafu. Kwa hiyo daftari likae kwenye kabati la shule moja ya msingi iliyokubaliwa, ufunguo kwa mwalimu wa taaluma, lisikae nyumbani kwa mtu. Mwalimu mgeni akiripoti kata yenu kufundisha hisabati, mpeni siku ya kwanza, akae nalo wiki nzima, kisha aje Alhamisi na madaftari yake matano.